Kusoma Jedwali la Takwimu kama Matini: Mfano wa Japani

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa kutafuta mhusika, mgogoro na msimulizi. Akipewa ukurasa wa takwimu za nchi, wenye eneo, idadi ya watu, kiwango cha uzazi na pato la taifa, huupitia upesi na kuwaachia wenzake wa Jiografia. Makala haya yanadai kwamba ukurasa huo nao ni matini, na kwamba zipo tarakimu zisizofasirika bila ujuzi wa masimulizi. Mfano tulioteua ni Japani, nchi iliyosaidia kuanzisha chuo cha kilimo na teknolojia pale Juja mwaka 1981, na ambako Kiswahili hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Osaka.

Pengo la mwaka 1966

Tuangalie safu ya watoto waliozaliwa. Mwaka 1965 walikuwa 1,823,697. Mwaka 1967 walikuwa 1,935,647. Katikati yake, mwaka 1966, walikuwa 1,360,974 tu. Karibu nusu milioni ya watoto hawapo. Msomaji atashuku vita, njaa au tauni, lakini hapakuwa na lolote kati ya hayo. Uchumi ulikuwa ukipanda kwa kasi. Miaka miwili baadaye, 1968, Japani iliipita Ujerumani Magharibi.

Kilichotokea ni kwamba kalenda ya kale ya huko, yenye mzunguko wa miaka 60, ilikuwa imefika mwaka wa Farasi wa Moto. Inaaminiwa kwamba mwanamke aliyezaliwa mwaka huo huwa mkali na hufupisha maisha ya mumewe. Imani hiyo hufungamanishwa na kisa cha Oshichi, binti wa muuza mboga katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Masimulizi yanasema alizaliwa mwaka 1666. Moto ulipoteketeza mtaa wao, familia yake ilikimbilia hekaluni, na huko akampenda kijana mmoja. Waliporudi nyumbani, alitia moto kwa matumaini ya kumwona tena mpenzi wake. Aliuawa kwa kuchomwa mwaka 1683, na miaka mitatu baadaye mwandishi Ihara Saikaku akamtia katika kitabu chake kuhusu wanawake watano walioponzwa na mapenzi. Michezo ya kuigiza ikafuata.

Kwa hiyo wazazi wa mwaka 1966, wenye redio na televisheni, waliogopa kuzaa binti ambaye hangepata mchumba. Uzazi wa mpango ulikuwa umeenea, na hofu ya kale ikapata nyenzo mpya. Sisi tunaokariri kwamba fasihi huakisi jamii, nadhani tumekuwa tukiupunguzia uzito wake. Hapa masimulizi yamechonga tundu katika idadi ya watu wa taifa zima, na tundu hilo limepanda nao umri mwaka baada ya mwaka. Mzunguko huo umeurudisha Farasi wa Moto katika mwaka 2026.

Kiwango cha uzazi mwaka 1966 kilikuwa watoto 1.58 kwa kila mwanamke. Wajapani walikihesabu kuwa ajali ya mwaka mmoja. Ndipo mwaka 1989 kikashuka hadi 1.57 bila farasi yeyote wa kusingiziwa, na nchi ikashtuka. Mwaka 2024 kilikuwa 1.15, watoto waliozaliwa walikuwa 686,061, takriban robo ya wale milioni 2.7 wa mwaka 1949.

Mtungi na neno "tegemezi"

Shuleni tulichora piramidi ya watu, kitako kipana na kilele chembamba. Ya Japani haifai tena kuitwa piramidi. Ni mtungi uliokalia kitako chembamba. Watu walifikia kilele cha milioni 128 mwaka 2008, na kufikia Oktoba 2024 walikuwa wamepungua hadi takriban milioni 123.8. Wenye umri wa miaka 65 na zaidi walikuwa asilimia 29.3 mwaka huo. Nyumba tupu zilihesabiwa mwaka 2023 zikawa milioni 9.

Upande wa uchumi hauhitaji maelezo marefu. Desemba 1989 bei za hisa za Tokyo zilifika kilele ambacho hazikukipita hadi Februari 2024. China iliipita Japani kwa pato la taifa mwaka 2010, Ujerumani mwaka 2023. Deni la serikali limepita mara mbili ya pato hilo.

Linalotuhusu zaidi ni istilahi. Niliwahi kufasiri jedwali la namna hii, nikaandika bila kusita kwamba kila watu wawili wa umri wa kufanya kazi wana "mtegemezi" mmoja mzee. Hesabu ilikuwa sahihi. Neno lilinikereketa baadaye. Mwaka 2023, Wajapani zaidi ya milioni 9 waliofikisha miaka 65 walikuwa bado kazini, mashambani, madukani na kwenye teksi. Je, hao wanamtegemea nani? Katika Kiswahili "mzee" ni jina la heshima kabla ya kuwa kundi la umri, na mfasiri anayelibadilisha kuwa "mtegemezi" ametoa hukumu ambayo hesabu yenyewe haikuitoa. Napendekeza tuandike "wazee kwa kila watu mia wa umri wa kazi". Ni kirefu, lakini hakimsingizii mtu.

Wajapani nao wana Siku ya Kuwaheshimu Wazee, Jumatatu ya tatu ya Septemba, na kila inapokaribia hutolewa takwimu za wazee. Mwaka 1963, serikali ilipoanza kuwatunukia waliotimiza miaka mia kikombe cha fedha, nchi nzima ilikuwa na watu 153 wa umri huo na zaidi. Septemba 2025 walikuwa 99,763, wengi wao wanawake. Kikombe kilipunguzwa ukubwa mwaka 2009. Tangu mwaka 2016 hupakwa fedha kwa juu tu.