SOMO LA MWEZI: SUBARU YA MJAPANI AU VOLKSWAGEN YA MJERUMANI?



Katika mkutano wetu wa tawi hapa Busia lilizuka jambo ambalo halikuwa katika ajenda. Ndugu wawili, ambao ni mashemeji, walitaka ushauri kabla ya kukopa fedha za kununua motokaa. Mmoja anafanya kazi katika mashamba ya miwa upande wa Kenya. Mwenzake yuko katika kiwanda cha saruji Tororo, naye alikuja kama mgeni wa mkutano. Kila mmoja alitoa picha mfukoni. Yule wa miwa alikuwa na picha ya Subaru Legacy 2.5 GT, ile yenye boneti iliyotobolewa kwa ajili ya turbo. Yule wa saruji alikuwa na Volkswagen Golf GTI. Yote mawili ni ya mwaka 2010, yote mawili ni magari ya kubeba mama na watoto, na yote mawili hukimbia kuliko inavyohitajika kwenda kanisani au msikitini.

Ubishi ulioanza hapo ulishinda hata ule wa nyongeza ya mshahara. Wengine walisema Mjerumani hana mpinzani, wengine walisema Subaru ndiyo dume. Mwenyekiti aligonga meza mara tatu. Mwisho tuliamriwa tuandike somo, na hili ndilo.

Tuanze na fedha, maana motokaa hununuliwa kwanza kwa payslipu kisha kwa macho. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara wa mfanyakazi. Maana yake ni kwamba lazima ubaki na theluthi moja mkononi. Sheria hiyo iliwekwa ili mtu asifanye kazi mwezi mzima akarudi nyumbani na karatasi tupu. Lakini tujiulize: theluthi hiyo moja ndiyo itakayonunua unga, ada ya shule, na sasa petroli na oili ya gari la turbo? Ushirika wa akiba na mikopo utakupa hesabu ya marejesho tu. Hautakuambia bei ya klachi.

Tena kuna wadhamini. Miaka michache iliyopita mwanachama mwenzetu alinunua gari la Kijerumani lenye gia boksi ya klachi mbili kavu. Aliliendesha miezi saba. Siku moja likaanza kutikisika kila linapoondoka, kisha likakataa kabisa kuingia gia ya kwanza. Bei ya kulitengeneza ilizidi mshahara wake wa miezi minane. Gari likawekwa chini ya mwembe, kuku wakataga ndani, naye akashindwa kulipa mkopo. Sisi tunaoandika haya tulikuwa miongoni mwa wadhamini, na tulikatwa miezi kumi na minne. Hatumlaumu ndugu yetu. Hakuna aliyemwambia aulize gia boksi ni ya aina gani. Sisi wenyewe tuliweka sahihi bila kuuliza.

Basi tutazame mashine zenyewe.

Injini ya Subaru imelala. Silinda zake haziko wima kama za magari mengine, bali zimelala kushoto na kulia, pistoni zikipigana ngumi. Kwa sababu hiyo uzito wa injini uko chini na gari halipindukii ovyo katika kona. Pili, magurudumu yote manne husukuma. Mtu anayeishi ndani ya mashamba, ambako mvua za Aprili hugeuza barabara ya matrekta kuwa uji, anajua faida yake. Legacy hii ya picha ina nguvu za farasi 285.

Golf GTI ina silinda zilizosimama, na husukuma kwa magurudumu ya mbele tu. Jina hilo la GTI lilianza kuuzwa mwaka 1976, nalo lilikuwa gari la familia lililotiwa injini ya nguvu, si gari la tajiri. Hii ya mwaka 2010 ina injini ya 2000 cc yenye turbo na nguvu 211. Nguvu ni chache kuliko za Subaru, lakini gari ni fupi na jepesi zaidi, na hunywa petroli kidogo zaidi. Katika lami ya Tororo kwenda Mbale utafurahi. Katika barabara ya shamba utasikia tumbo la gari likisugua mawe.

Sasa magonjwa. Kila gari lina ugonjwa wa ukoo.

Subaru ya injini hii ina mkanda wa taimingi. Huo hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hugonga vali na injini imekufa. Muuzaji akisema umebadilishwa, mwombe risiti. Akikosa risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, na bei ya mkanda, pulei na pampu ya maji uitoe katika bei yake. Ugonjwa wa pili ni gasketi ya silinda hedi kwa injini za 2500 cc za familia hiyo. Zile zisizo na turbo ndizo hasa zilizojulikana kwa kuvuja, lakini kila Subaru ya umri huo ichunguzwe. Ugonjwa wa tatu ni wa magurudumu manne yenyewe. Tairi zote nne lazima zilingane kwa ukubwa na kwa kuchakaa. Ukipasua moja ukaweka mpya peke yake, mitambo inayogawa nguvu hupigana siku nzima mpaka iungue. Kwa hiyo bei ya tairi ya Subaru izidishe mara nne.

Golf GTI ya miaka hiyo haina mkanda, ina mnyororo wa taimingi. Mnyororo husemekana ni wa maisha. Lakini kifaa kinachoukaza mnyororo huo, katika injini za mwaka 2008 hadi 2012 hivi, kilijulikana kwa kuchoka. Mnyororo ukilegea ukaruka meno, mambo ni yale yale ya pistoni na vali. Dalili yake ni mlio kama wa njuga asubuhi, injini ikiwa baridi, kwa sekunde chache tu. Ndiyo sababu muuzaji mjanja huiwasha mapema kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho alfajiri.

Kisha gia boksi. Volkswagen ina gia boksi za klachi mbili za aina mbalimbali, na hapa ndipo mwenzetu alipoangukia. Ile ya gia sita, iliyomo katika GTI hii, klachi zake zimezama ndani ya oili, nayo hudumu ukibadilisha oili yake kila kilomita 60,000. Ile ya gia saba yenye klachi kavu, iliyowekwa katika Golf ndogo za 1200 na 1400 cc, ndiyo iliyoleta kilio duniani. Mwaka 2013 Volkswagen ililazimika kuyaita magari zaidi ya 384,000 nchini China kwa sababu yake. Angalieni mtego ulivyo: Kenya hutoza ushuru wa bidhaa mdogo zaidi kwa injini isiyozidi 1500 cc, kwa hiyo Golf ndogo huonekana rahisi bandarini Mombasa. Unaokoa kwa serikali, unalipa kwa makanika.

Kuhusu petroli, magari yote mawili hutaka petroli ya daraja la juu. Fungua kifuniko cha tangi usome karatasi iliyobandikwa hapo. Kule Japani huuzwa petroli ya aina mbili, na haya mawili yote hunywa ile ya bei kubwa. Sisi wa mpakani tunazijua jerikeni za kando ya barabara, na tunajua kuna wanaochanganya na mafuta ya taa. Uchanganyaji ulizidi hata mwaka 2018 Kenya ikaweka ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Injini ya kawaida ikipewa mchanganyiko huo hukohoa. Injini ya turbo huvunja pistoni.

Tumeulizwa pia kuhusu heshima ya mbio za Safari. Ni kweli Volkswagen ya kobe ilishinda zaidi ya mara moja, ya mwisho mwaka 1962. Ni kweli Subaru Impreza ilishinda mwaka 1997 na Colin McRae na mwaka 2000 na Richard Burns. Na mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani, alishinda akiendesha Datsun ya Kijapani, kwa hiyo wabishi wa pande zote mbili wanyamaze. Magari yale yalifuatwa na malori ya spea na mafundi. Wewe utafuatwa na nani?

Kwa kweli spea ndiyo inayoamua. Subaru zimejaa Kenya, na spea kuukuu na mpya hupatikana Kisumu na Eldoret bila kwenda Nairobi. Mafundi wa jua kali wamezizoea injini zilizolala, ingawa kubadilisha plagi tu huwatoa jasho. Kwa Volkswagen, fundi asiye na mashine ya kusoma kompyuta ya gari atabahatisha, na kubahatisha kwake kutalipwa na wewe. Watu hudhani Volkswagen iliyounganishwa Thika, yaani Polo Vivo iliyoanza Desemba 2016, imeleta spea za GTI. Sivyo. Polo ile ni gari jingine kabisa.

Tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike kwa haraka. Shemeji wa miwa alisema ile Legacy iko upande wa pili wa mpaka, ina namba ya U, na bei yake ni ndogo ajabu kuliko za Kenya. Tukamwuliza mwaka. Akasema 2010.

Ndugu, tusikilizane vizuri. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, ilizuia yale yaliyozidi miaka 15. Kati ya 8 na 15 ndipo ulipo utajiri wa walanguzi wa mpakani. Gari linaweza kuwa halali kabisa Uganda, kodi imelipwa, kitabu ni safi, na bado lisiweze kuandikishwa Kenya hata ukilipa ushuru mara mbili. Mkenya anayeliishi nalo Kenya kwa kibali cha muda huishi kama mwizi. Siku watu wa forodha watakapolikamata, gari linakwenda, mkopo unabaki, na wadhamini wanakatwa. Hata Subaru yenyewe iliacha kuuza Legacy ya stesheni-wageni huko Japani mwaka 2014, ikaweka Levorg mahali pake. Kwa hiyo Mkenya anayetaka Legacy ya turbo ya aina ile ni lazima anunue iliyokwisha kuandikishwa Kenya, yenye namba ya K. Hakuna njia ya mkato.

Kwa shemeji wa Tororo mpaka unambana kwa njia nyingine. Yeye akiwa na gari la Uganda na akitaka kuja kusalimia ukoo upande huu, na sisi Wasamia na Wateso tuna ukoo pande zote mbili, achukue kibali cha muda na bima ya Kadi ya Manjano ya COMESA. Tangu ofisi za pamoja za mpaka zilipofunguliwa rasmi Busia mwaka 2018, kazi hiyo ni ya dawati moja. Hakuna sababu ya kupita njia ya panya.

Tulikubaliana twende wote kulitazama gari kabla ya mtu kuweka sahihi. Jumamosi moja tulikwenda watano pamoja na makanika wetu, tukiwa na Golf ya kuchunguza upande wa Uganda. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi. Boneti ilikuwa baridi. Mnyororo haukulia. Lakini karatasi ya mnada wa Japani, ambayo muuzaji aliitoa shingo upande, ilikuwa na herufi R. Hiyo ni alama ya gari lililogongwa likatengenezwa. Makanika alilala chini akaona bomba la mbele limenyooshwa kwa nyundo. Na kilomita zilizoandikwa katika cheti cha kutoka Japani zilikuwa nyingi kuliko zile za kwenye dashibodi. Muuzaji alisema ni makosa ya Wajapani.

Tulimwambia pia shemeji apeleke namba ya chesisi kwa wakala ili ajue kama mfuko wa hewa ni wa Takata. Mifuko hiyo, iliyowekwa katika magari ya makampuni mengi ya Kijapani na ya Kijerumani, huharibika kwa joto na unyevu na huweza kulipuka ikarusha vyuma usoni mwa dereva. Busia na Tororo hatukukosa joto wala unyevu.

Hakulinunua. Alirudi Tororo kwa basi, amekasirika kidogo, nasi tunamwelewa. Shemeji wa miwa ameacha Legacy ya namba U. Ameomba mkopo nusu ya ule wa kwanza na anatafuta Impreza isiyo na turbo, yenye namba ya K na risiti ya mkanda. Sisi watatu tumekubali kumdhamini. Tukilipata gari, tutaandika bei yake hapa na gharama za miezi sita ya kwanza, senti kwa senti.