Linta ya Ukuta Uliojengwa kwa Udongo

Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma vijijini Kakamega zilijengwa kwa udongo katikati ya matofali, saruji ikapakwa kwenye viungo vya nje tu. Kuta hizo zimestahimili mvua nyingi. Lakini siku mwenye nyumba anapotaka mlango mpana kati ya sebule na jikoni, udongo huo ndio unaoamua kazi itakwendaje.

Ukuta wa saruji ukitobolewa, matofali ya juu hushikana na kusukumia uzito pembeni. Linaloning'inia ni lile pande la pembetatu lililo juu ya uwazi. Wa udongo hauna subira hiyo. Tofali moja likichomoka, la pili hufuata. Kwa hiyo fundi mwangalifu hupanda kwanza darini kuona kama miti ya paa imelala juu ya ukuta huo, na nyundo haigusi kitu mpaka linta, yaani boriti ya zege itakayobeba ukuta juu ya uwazi, iwe imeshakomaa chini uani.

Wengine humwaga zege papo hapo ukutani. Mimi naona heri ya uani, kwa sababu zege la ukutani halijai vizuri juu, na pengo linalobaki halionekani. Kwa uwazi wa mita 1.5 katika nyumba isiyo ya ghorofa na yenye paa la mabati, linta ya mita 1.9 hulalia ukuta sentimita 20 kila upande. Ikiwa na kimo na upana wa sentimita 20, ina uzito wa kilo 180 hivi: kazi ya wanaume wanne na jukwaa imara. Ndani yake kuna vyuma viwili vya milimita 12 chini, viwili vya milimita 10 juu, na ringi kila sentimita 12. Zege ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne.

Vyuma vinene hukaa chini kwa kuwa linta ikilemewa huvutika upande huo. Ikipandishwa kichwa chini, inaweza kupasuka. Zege likiwa bado bichi, fundi huandika JUU kwa msumari, kisha huifunika kwa magunia yanayoloweshwa asubuhi na jioni. Wiki mbili ni haba. Siku 28 ndizo zinazofaa. Januari ndio mwezi mzuri, ukuta ukiwa mkavu.

Siku ya kupandisha, mbao nene hupitishwa ukutani juu ya mahali pa linta, zikakaribiana zaidi kwa ukuta wa udongo, na kuegemezwa kwa miti pande zote mbili. Kisha hutobolewa mfereji wa linta pekee. Ukuta wa chini hauguswi. Linta hulazwa juu ya saruji mbichi na kupimwa kwa pima maji.

Pengo la juu ndilo linalostahili muda. Mchanganyiko wa saruji na mchanga hutiwa maji kidogo, kiasi kwamba ukiufinya mkononi unashikana bila kuchuruza, halafu hushindiliwa kwa kipande cha mbao hadi ukatae kuingia zaidi. Baada ya wiki moja mbao huondolewa, moja moja, na ndipo uwazi hukatwa.

Ufa mwembamba kama unywele juu ya linta si neno. Ufa unaoshuka mshazari kutoka linta ilipolalia maana yake tofali la hapo linapondeka: miti irudishwe siku hiyo hiyo, na injinia aitwe.