Kwa Nini Majira ya Machipuo Hukawia

Sisi tukaao karibu na ikweta twazoea majira yatangazwayo na mvua. Leo wingu, kesho mvua, na baada ya juma moja shamba limekuwa kijani. Kwa hiyo tusomapo kwamba huko Ulaya kalenda imekwisha kutaja majira ya machipuo, na hali theluji ingali mlangoni, twaweza kudhani kwamba jua la kule ni legevu. Sivyo hata kidogo.

Tutwae mfano wa Uingereza, mwaka 1963. Theluji ilianza kuanguka kusini mwa nchi tarehe 26 Desemba 1962, siku ya pili ya Noeli, na mahali pengi haikuondoka ardhini kwa muda wa miezi miwili. Wastani wa joto la Januari katika Uingereza ya kati ulikuwa nyuzi 2.1 chini ya sifuri. Huko Herne Bay hata bahari iliganda ufuoni. Ndege wadogo walikufa kwa wingi. Asubuhi ya kwanza ya mwaka ule isiyokuwa na jalidi, yaani umande ulioganda, popote nchini, ilikuwa tarehe 6 Machi, juma moja kamili baada ya Jumatano ya Majivu. Na tuseme kwa kupita kwamba Waingereza huiita Kwaresima Lent, nalo ni neno la kale la majira hayo hayo ya machipuo, litokanalo na kurefuka kwa siku.

Basi siku zilikuwa zikirefuka tangu mwisho wa Desemba. Joto la jua lilikwenda wapi? Kwanza, theluji ni nyeupe, nayo huirudisha angani sehemu kubwa ya miali iiangukiayo. Pili, na jambo hili wengi hawalijui, kuyeyusha barafu kwataka joto jingi mno. Joto liyeyushalo kilo moja ya barafu, hata ikawa maji yaliyo baridi vile vile, lingetosha kuyapasha maji hayo mpaka nyuzi 80, moto usiovumilika kwa mkono. Kipimajoto kikitiwa katika barafu inayoyeyuka hakipandi. Hukaa pale pale kwenye sifuri mpaka kipande cha mwisho kiishe. Akitazamaye atasema hakuna linalotendeka, kumbe kazi iliyo kubwa ndiyo ile.

Je, ingekuwa heri kazi hiyo iishe upesi? Waingereza walikwisha kuyaonja hayo mwaka 1947. Baridi ya mwaka ule nayo ilikawia, mpaka tarehe 10 Machi hewa ya vuguvugu ilipoingia pamoja na mvua, na theluji ya majuma mengi ikayeyuka kwa siku chache. Udongo wa chini ulikuwa ungali umeganda kama sakafu ya saruji, haukuweza kunywa maji. Mito ikavunja kingo zake, na nyumba zaidi ya 100,000 zikapatwa na mafuriko.

Miti nayo ina hesabu yake. Mtufaha hufumba machipukizi yake wakati wa baridi, wala haukubali kuyafumbua kabla haujapata kadiri yake ya saa za baridi. Baada ya hapo, ukihisi joto huamka, na ukiisha kuamka hauwezi kurudi usingizini. Mwaka 2021 nchini Ufaransa joto liliwahi kuja mwishoni mwa Machi, machipukizi ya mizabibu na miti ya matunda yakafumbuka. Mapema Aprili jalidi ikashuka. Wakulima walikesha wakiwasha mioto midogo kati ya mistari ya mizabibu, moshi ukatanda mabondeni, na hata hivyo wengi walipoteza sehemu kubwa ya mavuno ya mwaka. Kama majira yangalikawia majuma machache, jalidi ile ingaliyakuta machipukizi yamefumba.

Ndiyo maana mkulima mzoefu wa mitufaha hashangilii jua zuri la Februari. Huenda shambani akainamisha tawi, akatazama vichwa vya machipukizi, na akivikuta bado vigumu na vyeusi, hurudi nyumbani moyo wake umetulia.