Dondoo muhimu: Dari la jipsamu lisilopasuka

Kwa nyumba za Maneromango, kagua bati kwanza. Jipsamu ikilowa hulegea, huota madoa ya kahawia na mwishowe hudondoka. Subiri mvua kubwa ipite, uone panapovuja, uzibe, ndipo umwite fundi. Afadhali kazi ifanyike kati ya Juni na Septemba, masika yakiwa yamekwisha.

Mbao za kubeba dari, za inchi mbili kwa mbili, ziwe kavu na zimepakwa dawa ya mchwa. Zipigwe kila sentimita 40, zinyooshwe kwa kamba na pimamaji. Hapa ndipo dari nyingi huharibika, wala rangi haifichi mbao iliyopinda. Funga bodi za jipsamu kwenye mbao kwa skrubu, si misumari, kila sentimita 20 hivi. Kichwa cha skrubu kizame kidogo bila kuchana karatasi ya bodi.

Bodi zipishane kama matofali ukutani. Kwenye viungo bandika tepu ya wavu, kisha paka jipsamu ya unga tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikauke kabisa. Ukipiga msasa, vaa barakoa. Bafuni tumia bodi zinazostahimili unyevu, zile za kijani.