Somo la 17: Tengeneza Shamba Kabla ya Mvua

1. Wakati wa kiangazi

Watoto, tazameni vilima vya Bunia mwezi wa kwanza. Majani yamekauka, njia zina vumbi, na jioni moshi unapanda huku na huku. Watu wengi husema: «Sasa tupumzike, mvua ikija tutalima.» Maneno hayo ni baba wa njaa.

Katika Ulaya mkulima hungoja baridi iishe, maana theluji hufunika udongo wake. Kwetu hakuna theluji, kwa sababu Bunia iko karibu na ikweta. Sisi hungoja mvua. Kiangazi chetu ni mwezi wa 12, wa 1 na wa 2. Mvua hurudi mwezi wa 3. Lakini kungoja si kulala.

2. Kosa langu

Mwaka mmoja nililima bustani kwenye kilima. Nilichoma majani yote, nikafurahi kuona shamba safi kama uwanja wa mpira. Nilipiga matuta kutoka juu mpaka chini, kwa kuwa kazi hiyo ni rahisi. Siku ya mvua ya kwanza nikapanda maharagi.

Usiku mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi nilikuta mifereji na mawe matupu. Maharagi yangu yalikuwa barabarani, na kuku wa jirani walikuwa wakiyaokota.

Bibi mmoja mzee akapita, jembe begani. Nikamwambia: «Bibi, mvua imeniharibia shamba.» Akatazama kilima, akajibu: «Mwanangu, mvua haina kosa. Wewe ndiwe uliyeitengenezea njia.»

Nikaenda kuona shamba lake. Lilikuwa kwenye kilima kile kile, na udongo wake ulikuwa mahali pake. Na udongo wangu ulikwenda wapi? Uliingia kijitoni, kijito kikaupeleka katika mto Shari. Shari huingia Ituri, Ituri huendelea kwa jina la Aruwimi, Aruwimi huingia mto Kongo, na Kongo humwaga maji yake katika bahari ya Atlantiki. Udongo uliosafiri hivyo haurudi tena.

3. Kazi za kila mwezi

Mwezi wa 12: mbolea. Usichome majani. Majivu yana faida kidogo, lakini chakula kingi cha udongo hupotea pamoja na moshi. Chimba shimo lenye kina cha magoti. Tia majani makavu, kisha samadi ya mbuzi, kisha maganda ya jikoni, na tena majani. Nyunyiza maji ya kuoshea mboga. Funika kwa majani ya migomba ili unyevu usikimbie. Kila baada ya majuma matatu geuza yote. Mvua ikirudi, utaona kitu cheusi kisicho na harufu mbaya. Hiyo ndiyo mbolea.

Mwezi wa 1: mbegu. Chagua maharagi mazima yasiyo na tundu, uyachanganye na majivu makavu ili wadudu wasiyale. Kisha yajaribu: funga mbegu 10 katika kitambaa chenye maji. Baada ya siku tano au sita, zikiota 8 au zaidi, mbegu ni nzuri. Kwa mihogo, kata vijiti katika shina lenye afya. Majani yenye madoa ya manjano na yaliyokunjamana ni majani ya ugonjwa. Ukipanda kijiti chake, unapanda na ugonjwa.

Mwezi wa 2: matuta. Piga matuta kukata kilima kwa upana, yawe kama ngazi. Ili yawe sawasawa, funga fimbo mbili za urefu mmoja kama herufi A, na fimbo ya tatu katikati. Ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka juu. Simamisha kifaa hiki kwenye sakafu iliyo sawa, utie alama mahali kamba inapogusa fimbo ya katikati. Huko kilimani, kamba ikigusa alama ile, miguu miwili ya kifaa iko kimo kimoja. Piga vigingi hapo, uendelee. Kando ya mstari panda matete; yatashika udongo, na mbuzi watapata chakula.

Mwezi wa 3: kupanda. Usidanganywe na mvua ya kwanza. Chimba kwa mkono: unyevu ukifika kina cha kiganja kizima, panda.

4. Njaa ya mwezi wa 5

Maharagi hukaa shambani karibu miezi mitatu, mahindi zaidi, na mihogo hata mwaka. Kwa hiyo mwezi wa 5 shamba ni zuri kwa macho, lakini chungu ni kitupu. Panda lengalenga karibu na jiko. Baada ya mwezi mmoja hivi huliwa. Wengine walifika Bunia wakikimbia vita, nao hawana shamba ila kipande nyuma ya nyumba. Hata wao wanaweza kujaza gunia kuukuu udongo na mbolea, na kupanda mboga ndani yake.

Tena, nyumba yenye njaa hutazama kapu la mbegu. Anayepika mbegu hula mara moja, na hulala njaa miezi mingi. Wazee husema: Akiba haiozi.

Mvua hutoka kwa Mungu. Kutengeneza udongo ni kazi aliyotuachia sisi.

Maswali

1. Kwa nini maharagi ya mwalimu yalifika barabarani?
2. Taja mito ambayo udongo wa Bunia hupitia mpaka baharini.
3. Mbegu 10 zimejaribiwa, zimeota 5. Utafanya nini?
4. Kwa nini tunapanda lengalenga mapema?

Kazi

Tengenezeni kifaa cha herufi A, mkapime mstari mmoja katika bustani ya shule.