Akiba Inayooza: Istilahi za Picha katika Programu za Simu, kwa Mfano wa Garissa na Kaskazini Mashariki

Methali husema kuwa akiba haiozi. Methali hiyo humtangulia mtumiaji wa simu anapofungua mipangilio ya mfumo wa Android uliotafsiriwa kwa Kiswahili na kukuta kitufe kilichoandikwa "Futa akiba". Neno akiba limetumiwa hapo kwa maana ya kile ambacho wataalamu wa tarakilishi hukiita kashe, yaani nakala za muda ambazo programu hujiwekea ili isilazimike kuzileta tena kutoka mtandaoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi hiyo, ingawa imeenea, inampotosha msomaji katika jambo lenye athari kwake, na kwamba Kiswahili kina neno lifaalo zaidi. Mfano utakaotumiwa ni wa picha, na mazingira ni Garissa pamoja na kaunti za Wajir na Mandera, ambako tofauti kati ya picha iliyomo simuni na picha iliyo mbali huonekana wazi kuliko Nairobi.

Picha inayoonekana kwenye kioo cha simu huwa imetoka katika mojawapo ya sehemu tatu. Ya kwanza ni ndani ya programu yenyewe. Mtengenezaji huifungasha picha pamoja na maagizo ya programu, na mtumiaji anapoipakua programu huwa amezipokea picha hizo kwa mkupuo mmoja. Katika Android, picha za aina hii hukaa katika folda za rasilimali, mara nyingi zikiwa na nakala kadhaa za ukubwa tofauti, ili simu yenye kioo cha nukta 160 kwa inchi na ile ya nukta 320 kila moja ipate inayoifaa. Haziwezi kubadilishwa mpaka toleo jipya litoke, na kila picha inayoongezwa huongeza uzito wa kifurushi ambacho mtumiaji hulipia data ili akipate. Lakini zikishafika, zimefika. Mnara wa mawasiliano ukianguka, zitafunguka vilevile.

Hili la mnara si la kubuni. Tangu miaka ya 2010, minara ya simu katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa imeshambuliwa mara kadhaa na wapiganaji wa Al-Shabaab, na wakazi wakabaki bila mawasiliano. Hata palipo na usalama, masafa ni marefu: kutoka Garissa mjini hadi Dadaab ni takribani kilomita 100, na hadi Wajir ni zaidi ya 300. Wenyeji wa huko wamezoea tangu zamani kufungasha kabla ya safari. Nyirinyiri, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, hukaa muda mrefu bila kuharibika, na mchungaji huenda nayo malishoni. Kiswahili kina neno la chakula cha njiani: masurufu. Maktaba ya ngamia, iliyoanzishwa Garissa mwaka 1996 na shirika la maktaba za taifa la Kenya, ilifuata kanuni hiyohiyo. Vitabu vilitiwa masandukuni, masanduku yakapakiwa juu ya ngamia, na msomaji wa kijijini akapata kilichokuwamo sandukuni, si zaidi. Serikali nayo ilipoanza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma mwaka 2016, vifaa hivyo vilifika vikiwa tayari vimetiwa masomo. Picha iliyofungashwa ndani ya programu ni masurufu kwa kila maana ya neno hilo.

Sehemu ya pili ni mtandaoni, na hapo hapana mengi ya kueleza: programu huomba picha kwa anwani yake, seva huituma, data hutumika. (Kitenzi kupakia kimebebeshwa mzigo kupita kiasi hapa, kwani simu hiyohiyo hukitumia kwa kupeleka picha mtandaoni na kwa kuileta kiooni, lakini hilo lahitaji makala yake.)

Sehemu ya tatu ndiyo yenye utata. Kabla ya kwenda mtandaoni, programu hutazama katika kumbukumbu ya haraka, ambamo picha hukaa ikiwa imekwisha kufumbuliwa kuwa nukta. Nafasi humo ni ghali. Picha ya nukta 4,000 kwa 3,000, ambayo kama faili huenda isifike megabaiti 3, hutwaa baiti 48,000,000 ikifumbuliwa kwa baiti nne kila nukta. Ndiyo maana mtengenezaji mwangalifu huipunguza ilingane na kioo kwanza. Isipopatikana humo, programu huitafuta katika folda ya kashe iliyo kwenye hifadhi ya simu, ikiitambua kwa anwani yake. Ikikosekana hapo pia, ndipo data inapotumika.

Sasa, folda hiyo haina sifa hata moja ya akiba ambayo methali inaisifu. Mwenye simu hakuiweka kwa kusudi. Alitazama picha tu, nayo ikabaki. Aghalabu picha huja na agizo la seva kuhusu muda wa kutumika, na muda ukiisha simu hutakiwa kuuliza kama imebadilika. Isipokuwa imebadilika, seva hujibu kwa namba 304, bila kuituma upya. Folda yenyewe kwa kawaida huwekewa kikomo cha ukubwa, na kikifikiwa, picha iliyokaa muda mrefu zaidi bila kutazamwa hutolewa kwanza. Zaidi ya hayo, hifadhi ya simu ikikaribia kujaa, Android ina mamlaka ya kuifuta kashe bila kumuuliza mtu.

Chukulia mwalimu aliye Garissa mjini, ambaye anafungua picha kumi na mbili za mimea kwa ajili ya somo la Jumatatu, kisha anasafiri hadi Hulugho. Ameziona zote, na simu ina akiba. Njiani jamaa wanamtumia video za arusi, nafasi inajaa, kashe inafutwa. Jumatatu darasani anakuta miraba ya kijivu. Kosa la upande wa pili lina hasara zaidi. Mtu ambaye simu yake imejaa hukiogopa kitufe cha "Futa akiba", kwa kuwa hakuna mwenye busara afutaye akiba yake, na badala yake hufuta picha za wanawe, ambazo hazina nakala popote.

Neno linalopendekezwa hapa ni kiporo. Kiporo ni chakula kilichobaki usiku na kuliwa asubuhi bila kupika upya. Baadhi ya wasemaji wa Pwani hukiita mwiku au bariyo. Hubaki chenyewe, huliwa upesi kwa kuwa kipo karibu, hakikai siku nyingi, hasa katika joto la Garissa, na chungu kikihitajika hutupwa bila malalamiko. Kinaoana pia na kupakua, kitenzi ambacho jikoni huhusu kutoa chakula chunguni. Tena kiporo kimekwisha kutoka jikoni: wanahabari wa michezo nchini Tanzania hukitumia kwa mechi iliyoahirishwa.

Yawezekana kudaiwa kuwa neno hilo halina hadhi ya kitaaluma. Dai hilo ni dhaifu, kwani kipanya na dirisha yalitoka mahali pa kawaida vilevile. Zito zaidi ni kwamba akiba imekwisha kuzoeleka. Lakini hakuna haja ya kuifukuza; yatosha kuihamishia mahali pake, yaani kwenye picha na masomo ambayo mtumiaji mwenyewe amechagua kuyapakua ili ayatumie bila mtandao, na ambayo programu huyatunza nje ya folda ya kashe mpaka ayafute. Mwalimu wa Hulugho angejua basi kwamba kutazama hakutoshi, na kwamba picha zake kumi na mbili ni kiporo mpaka aziweke akiba. Nacho kitufe kingesomeka "Tupa kiporo", na chini yake, kwa herufi ndogo: picha ulizopiga hazitaguswa; za mtandaoni zitahitaji data upya.