Video ya kundi: tuanzie wapi?

Swali: Sisi ni wanafunzi sita wa kidato cha tatu, Dar es Salaam. Mwalimu ametupa wiki tatu tutengeneze video ya dakika 5 kuhusu soko la samaki la Feri. Kila tukikutana tunagombania kamera. Tuanzie wapi?

Jibu: Wanangu, kamera iacheni kwanza. Andikeni sentensi moja: video hii inamhusu nani, naye anataka nini? Soko zima ni pana mno kwa dakika 5. Mama mmoja mkaanga samaki, anayesubiri bei ya mnada ishuke, anatosha kabisa.

Nendeni kwanza bila kurekodi. Ombeni ruhusa kwa uongozi wa soko, kisha kwa mama mwenyewe.

Sauti ndiyo itakayowaumbua. Feri kuna upepo wa bahari, injini za boti na kelele za mnada. Simu ya pili ikae karibu na kifua cha anayehojiwa, irekodi sauti peke yake. Mwanzoni pigeni kofi moja mbele ya kamera, ili mhariri aoanishe mlio na picha.

Kuhusu ugomvi, chagueni mwongozaji mmoja. Siku ya kurekodi, neno lake lifuatwe. Mhariri naye apewe wiki nzima ya mwisho. Makundi mengi humwachia usiku mmoja, na hiyo si haki. Jioni ya siku ya kurekodi, nakilini faili zote mahali pawili kabla ya kufuta chochote kwenye simu.